Kura ya wote, tume, utafiti au mkutano: serikali ikikuuliza maoni, njia ipi ina uzito?

Kiswahili kina msemo mmoja uliobebeshwa mizigo mitatu. Ukitaja "kura ya maoni" Zanzibar, watu wanakumbuka Julai 2010, walipopanga foleni kuamua kama wanataka serikali ya umoja wa kitaifa. Ukiitaja kwa mwanachama wa CCM Bara, atakuelewa kwamba unasema kura za maoni za ndani ya chama, zile ambazo mtu anaweza kuongoza na bado vikao vya juu vikateua mwingine. Ukifungua habari za Kenya, kura ya maoni aghalabu ni ule utafiti wa asilimia, nani angeshinda uchaguzi ungefanyika leo. Kura ya kupitisha katiba wengi kule wanaiita kura ya maamuzi, au refarenda.

Ugomvi hapa si wa maneno. Ya kwanza inamfunga mwenye madaraka, ya pili inamshauri, ya tatu inampa taarifa tu. Mtu asipojua yuko kwenye ipi, anatoka mkutanoni akidhani ameamua jambo, kumbe amesikilizwa, basi.

Katiba ya Tanzania, ibara ya 8, inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote na serikali inapata madaraka yake kutoka kwao. Ya Kenya inaanza na jambo hilo hilo katika ibara ya 1. Lakini uchaguzi unakuja mara moja kwa miaka 5, na siku ile hakuna aliyekuuliza kuhusu kodi ya mwaka wa tatu wala muundo wa Muungano. Katikati hapo serikali inahitaji kusema "wananchi wanataka hivi" na ikaaminika, kwa hiyo inauliza. Nalinganisha njia za kuuliza kwa ajili ya yule anayetakiwa kuchagua mojawapo: diwani, mjumbe wa serikali ya mtaa, kiongozi wa asasi, au raia anayedai aulizwe lakini hajui adai aulizwe kwa njia gani. Nimewahi kuwa mdadisi wa utafiti wa maoni, nikizunguka kaya kwa kaya, na mtaani kwangu nahudhuria mikutano kuliko mke wangu anavyopenda. Kipimo changu ni kimoja: anayeuliza akilikataa jibu, anapoteza nini?

Kura ya wananchi wote

Kwa kipimo hicho, kura ya wote ndiyo inayoanza mbele. Tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari waliulizwa swali moja, ndiyo au hapana, na asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Novemba iliyotangulia Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikuwa wameshakutana na kuafikiana. Ila mapatano ya wakubwa wawili ni jambo moja, na visiwa ambako tangu 1995 watu walikuwa wakisusiana maduka na hata misiba kwa sababu ya chama ni jambo jingine. Kura ile ilimwondolea kila upande kisingizio kwamba kiongozi wake amewauza. Uchaguzi wa Oktoba ukapita kwa utulivu, na Maalim akawa Makamu wa Kwanza wa Rais. Ushirikiano huo ulikatika baada ya uchaguzi wa 2015 kufutwa, lakini kifungu kilibaki ndani ya Katiba ya Zanzibar, na mwisho wa mwaka 2020 Maalim akaapishwa tena kwa kifungu hicho hicho. Jambo lililopigiwa kura na watu wote lina tabia hiyo: ni gumu kulifuta hata pale wenyewe wanapogombana.

Kenya walionja upande wa pili wa ukali wake. Novemba 21, 2005 serikali ya Rais Mwai Kibaki ilipeleka rasimu ya katiba kwa wananchi. Ndizi ilikuwa alama ya ndiyo, chungwa alama ya hapana, na chungwa likapata takriban asilimia 58. Kibaki alikubali kushindwa, kisha siku mbili baadaye akavunja baraza zima la mawaziri. Hakuna utafiti wala mkutano wa hadhara uliowahi kuvunja baraza la mawaziri Afrika Mashariki kwa kasi hiyo. Miaka mitano baadaye, Agosti 4, 2010, rasimu nyingine ilipita kwa zaidi ya theluthi mbili, na katiba hiyo ikaweka ulinzi wake: kubadili mambo mazito, kwa mfano mamlaka ya wananchi au muhula wa rais, lazima kura ipigwe, na angalau asilimia 20 ya waliojiandikisha wajitokeze katika angalau nusu ya kaunti.

Kama ningesimama hapo ungetoka ukidhani kura ya wote ndiyo jibu la kila kitu. Kwa hiyo twende Uganda.

Juni 2000 Waganda waliulizwa wachague kati ya mfumo wa Movement, ambao haukuruhusu vyama kushindana, na mfumo wa vyama vingi. Zaidi ya asilimia 90 ya kura zikaenda kwa Movement. Julai 2005 wakaulizwa kama wanakubali vyama vifunguliwe milango. Zaidi ya asilimia 92 wakakubali. Rais ni yule yule, Yoweri Museveni. Mara ya kwanza alikuwa anautaka Movement, mara ya pili alikuwa anavitaka vyama, na mara zote mbili akapata alichokitaka kwa watu tisa katika kila kumi. Watu hubadili mawazo katika miaka mitano, sikatai. Lakini mara zote mbili wapinzani waliwaambia wafuasi wao wasiende, na mwaka 2005 waliojitokeza hawakufika nusu ya waliojiandikisha. Waliofika kituoni wengi wao walikuwa tayari wanakubaliana na mwenye swali.

Udhaifu wa njia hii uko hapo. Jibu ni gumu kama jiwe, ila swali, tarehe na maneno ya kwenye karatasi viko mkononi mwa anayeuliza. Hata kupigwa kwenyewe kuko mkononi mwake. Katiba Inayopendekezwa ya Tanzania ilipangiwa kura Aprili 30, 2015. Uandikishaji wa wapiga kura kwa alama za vidole ulikuwa haujakamilika, kura ikaahirishwa, na hadi leo haijapigwa.

Tume inayozunguka

Hapa ndipo kuna hadithi ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu inakitia aibu kipimo changu.

Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ili kuwauliza Watanzania: tubaki na chama kimoja au turudi kwenye vyama vingi? Tume ilizunguka nchi nzima, Bara na Visiwani, ikasikia watu zaidi ya 36,000. Asilimia 77 wakasema chama kimoja, asilimia 21 wakasema vyama vingi. Wazee wengi wanaikumbuka kwa mkato: "themanini kwa ishirini". Na serikali ikawafuata wale ishirini. Mei 1992 katiba ikabadilishwa, na Julai mwaka huo Sheria ya Vyama vya Siasa ikaanza kutumika.

Ukilitazama kwa juu juu, ni serikali iliyopuuza wananchi. Ukilitazama kwa karibu, mambo ni mengine. Wengi wa wale 77 hawakuridhika na chama kilivyokuwa. Walitaka kibaki lakini kirekebishwe. Mwalimu Nyerere alikuwa ameshasema hadharani kwamba mjadala wa vyama vingi si uhaini. Ulaya Mashariki vyama vya aina yetu vilikuwa vimeanguka kimoja baada ya kingine. Na mtu mmoja katika kila watano si kidogo: ni watu wa kutosha kujaza uwanja, na ukiwafungia mlango watauvunja. Tume ilipima sababu, si vichwa peke yake, na katika ripoti yake ikaorodhesha sheria 40 kandamizi zilizohitaji kufutwa au kurekebishwa. Hakuna karatasi ya ndiyo au hapana ambayo ingekupa orodha ile.

Sasa fikiria mwaka ule tungepiga kura ya wote badala ya tume. Chama kimoja kingeshinda kwa kishindo, kingepata muhuri wa wananchi, na aliyetaka vyama angeambiwa kwa miaka mingi: "Mliulizwa mkakataa." Kule kutokuifunga serikali, ambako mimi nakuhesabu kuwa dosari, mwaka 1992 ndiko kulikotuokoa.

Lakini mlango uliomruhusu mtawala mwenye busara kupita, na mwingine anapitia hapo hapo. Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Jaji Joseph Warioba ilianza kazi mwaka 2012 na kukabidhi rasimu yake ya pili Desemba 30, 2013. Kuhusu Muungano, kati ya waliozungumzia muundo wake, asilimia 61 ya watu wa Bara walitaka serikali tatu (ya Muungano, ya Tanganyika na ya Zanzibar), na asilimia 60 ya Wazanzibari walitaka Muungano wa mkataba, yaani nchi mbili zinazoshirikiana kwa makubaliano. Tume ikapendekeza serikali tatu. Rais Jakaya Kikwete, akizindua Bunge Maalum la Katiba Machi 2014, alizihoji hesabu hizo: waliozungumzia muundo wa Muungano, alisema, walikuwa sehemu ndogo ya wote waliotoa maoni. Aprili wajumbe wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, wakatoka nje. Oktoba 2, waliobaki wakapitisha rasimu yenye serikali mbili.

Nitasema jambo ambalo marafiki zangu wa upande wa serikali tatu hawalipendi: hoja ya Kikwete kuhusu hesabu haikuwa ya kipuuzi. Tume husikia waliokuja. Mtu anayefika kwenye mkutano wa tume saa nne asubuhi siku ya kazi ni mwenye nafasi, au mwenye hasira, au aliyetumwa na chama na kupewa cha kusema. Asilimia inayotoka hapo ni asilimia ya waliohudhuria. Kilichokuwa dhaifu ni kutumia kasoro hiyo kufuta maoni yasiyotakiwa, huku maoni mengine ya mikutano ile ile yakipita bila kuulizwa chochote. Kama mizani ni mbovu, ni mbovu kwa mahindi na kwa maharage.

Utafiti wa maoni

Mnunuzi mzoefu kwenye ghala la mahindi hafungui magunia yote. Ana chuma kirefu chenye mfereji. Anachoma gunia la juu, la katikati, na lile la kule nyuma ambalo mwenye ghala hana haraka ya kumwonyesha, anamwaga punje kiganjani, anahesabu zilizobunguliwa. Akichoma yale ya mlangoni tu, amejidanganya, hata achome mia.

Utafiti mzuri ni huo. Afrobarometer, ambayo imekuwa ikihoji Waafrika wa nchi nyingi tangu 1999, hutumia watu 1,200 kwa nchi, na baadhi ya nchi 2,400. Watu 1,200 waliochaguliwa kwa bahati nasibu wanatoa picha ya nchi yenye mamilioni kwa kosa la makadirio la asilimia 3 hivi juu au chini; ukiongeza hadi 2,400 kosa linashuka hadi 2. Zaidi ya hapo unachoma fedha. Kwa hiyo anayekubeza kwamba "watu 1,200 hawawezi kusemea Watanzania wote" hajakosoa kitu. Muulize walichaguliwaje. Swali lenye meno ni hilo.

Tatizo la utafiti ninalolijua si la hesabu, ni la kibarazani. Mwaka mmoja nilikuwa mdadisi katika mkoa mmoja wa kati. Kaya niliyoiangukia ilikuwa ya mama mmoja wa makamo, anachambua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, kaa kwenye hicho kigoda."

Nikajieleza kama nilivyofundishwa: hatutoki serikalini wala kwenye chama, jina lako haliandikwi, hakuna jibu sahihi wala la makosa. Tukaenda vizuri karibu saa nzima. Alipofika kwa mwenyekiti wa kijiji alimsema bila kumung'unya maneno. Mwishoni kuna swali ambalo tafiti nyingi huweka: unadhani nani ametutuma kufanya mahojiano haya?

Akacheka. "Si serikali? Nani mwingine atahangaika na maoni yangu?"

Kisha ungo ukasimama. Nikaona anarudi nyuma kichwani, swali moja moja.

"Mwanangu, pale kwa mwenyekiti, andika anajitahidi."

Taratibu haziruhusu kubadilisha jibu kwa sababu ya namna hiyo, na nilibaki na kidole juu ya kishikwambi nikimtazama. Sitasema nilifanya nini. Ninachosema ni kwamba kila ukiona "asilimia kadhaa wanaridhika na kazi ya mwenyekiti", ndani yake kuna akina mama waliosimamisha ungo.

Kwa hiyo mwezi Julai 2018 Twaweza, asasi inayofanya tafiti za maoni, walipotangaza kwamba waliokubali utendaji wa Rais Magufuli ni asilimia 55, kutoka 96 mwaka 2016 na 71 mwaka 2017, mimi nilijiuliza maswali mawili kwa pamoja: imani imeshuka, au ujasiri wa kujibu umepanda? Au ujasiri nao umeshuka, na hali halisi ni mbaya kuliko inavyosomeka? Serikali haikujiuliza hayo. Twaweza iliandikiwa barua na COSTECH, tume ya serikali ya sayansi na teknolojia, ikitakiwa ijieleze kuhusu kibali cha utafiti, na miezi michache baadaye Sheria ya Takwimu ikabadilishwa kuwabana wanaotoa takwimu nje ya za serikali, kabla ya kulegezwa mwaka 2019. Kenya wana kizuizi chao, chepesi zaidi: sheria ya mwaka 2012 inakataza kutangaza kura za maoni za uchaguzi katika siku 5 za mwisho.

Kwa kipimo changu utafiti unapata sifuri: serikali ikiyakataa matokeo haipotezi kitu siku hiyo. Ila ona jinsi yanavyoogopwa. Katika njia zote hizi, utafiti ndio pekee ambao mwenye madaraka hashiki swali, wala tarehe, wala mwandishi wa muhtasari. Asasi inayotaka kujua watu wanafikiri nini, na si kulazimisha uamuzi, isitafute pengine.

Mikutano na ushirikishwaji wa umma

Kenya wameipandisha njia hii hadhi kuliko majirani. Ibara ya 10 ya katiba yao inautaja ushiriki wa wananchi kuwa tunu ya taifa, ya 118 inalibana Bunge, ya 196 inayabana mabunge ya kaunti. Maana yake ni kwamba sheria inaweza kwenda mahakamani kwa sababu tu watu hawakuulizwa ipasavyo. Julai 31, 2024 Mahakama ya Rufani iliibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023, moja ya hoja ikiwa kwamba mambo mapya yaliingizwa baada ya wananchi kumaliza kutoa maoni. Oktoba 29 mwaka huo Mahakama ya Juu ikatengua hukumu hiyo. Ulinzi upo, lakini una bawaba.

Na kabla ya hukumu zote mbili kulikuwa na Juni 2024. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipitishiwa hatua zote: matangazo, memoranda, kamati ikasikiliza wadau siku kadhaa, baadhi ya vifungu vikaondolewa. Kwenye karatasi, umma ulishirikishwa. Juni 25 wabunge 195 wakaupitisha, 106 wakaupinga, na vijana wakaingia Bungeni siku hiyo hiyo. Watu waliuawa barabarani. Siku iliyofuata Rais William Ruto akatangaza hatautia saini. Waliokuwa wakitafsiri mswada kwa Kiswahili na Sheng na kuusambaza kwa simu walikuwa wamefanya kazi ambayo matangazo rasmi hayakuifanya. Ushirikishwaji unaotimiza sharti la kisheria bila kumfikia mtu unakuwa kama adhana isiyo na kipaza sauti karibu na stendi: imesomwa, ni kweli, lakini nani aliisikia?

Huku kwetu njia hii inaishi kwenye mkutano mkuu wa kijiji au mtaa, ambao kila mkazi wa miaka 18 na zaidi ni mjumbe. Kwa mambo ya ardhi ya kijiji mkutano huo una nguvu kweli kisheria. Shida inakaa kwenye kalamu. Mtaani kwangu uliwahi kuitishwa mkutano kuhusu uwanja ambao vijana huchezea mpira, ikapendekezwa nusu yake ijengwe vibanda vya biashara. Tulisaini karatasi ya mahudhurio tukiingia. Mkutano wa saa nane ukaanza saa kumi. Akina mama waliokaa nyuma, juu ya kanga, walianza kuondoka mmoja mmoja jua lilipozama, kuna watoto na kuna jiko. Mzee mmoja akasema vibanda sawa lakini kwanza tujue kodi inaingia mfuko gani. Vijana wawili wakapinga kabisa. Mikono ikanyooshwa, hakuna aliyehesabu. Miezi miwili baadaye nikauona muhtasari ofisini: "Wajumbe 94 walihudhuria na kwa kauli moja waliridhia." Tisini na nne ni ile karatasi ya mlangoni. Na "kwa kauli moja" ni maneno ambayo nadhani makarani hujifunza kabla ya kujifunza kuandika tarehe.

Njia ya tano, kwa kifupi

Ireland wamejaribu kuchanganya. Mwaka 2016 waliunda baraza la raia 99 waliochaguliwa kwa bahati nasibu, pamoja na mwenyekiti, wakasikiliza wataalamu wikiendi baada ya wikiendi kuhusu utoaji mimba na mambo mengine, kisha wakapendekeza, na Mei 25, 2018 nchi ikapiga kura. Ndiyo ilipata asilimia 66.4, sawasawa na ile ya Zanzibar; bahati tu, lakini inanifurahisha. Machi 2024 mapendekezo mengine mawili yaliyotokana na baraza la namna hiyo yakapigwa chini vibaya, moja ya lawama ikiwa kwamba maneno ya kwenye karatasi ya kura hayakuwa yale ya baraza. Tumerudi kwa anayeshika kalamu. Kwetu njia hii inafaa halmashauri kuliko taifa: watu 60 wa kubahatisha, walipwe nauli na chakula, siku tatu, swali moja.

Ungechagua ipi?

Kama jambo lenyewe likishaamuliwa halirudi nyuma, mfano katiba, mipaka ya Muungano au ukomo wa muhula, dai kura ya wote. Ila pigania swali na tarehe kabla hujapigania ndiyo au hapana, na dai kiwango cha chini cha watu watakaojitokeza, kama walivyofanya Wakenya. Bila kiwango hicho unaweza kuletewa matokeo ya Uganda ya 2005 na huna pa kulalamika.

Kama hakuna anayejua bado swali ni lipi, kura ni mapema mno. Tume inafaa hapo, kwa sharti kwamba maoni yote yachapishwe pamoja na idadi ya waliosema kila jambo, na kwamba atakayekataa pendekezo aandike sababu. Mwenye haraka ataiona tume kuwa ghali na ndefu, na hakosei.

Kama mnachotaka ni kujua ukweli wa hali, maji yanatoka au hayatoki, watu wanaogopa kusema au hawaogopi, fanyeni utafiti, na msiutangaze kama uamuzi wa wananchi. Sio uamuzi. Mama wa ungo hakuamua kitu, alijibu maswali ya mgeni.

Na kwa jambo la mtaa, uwanja, taka, mtaro, hakuna kinachoushinda mkutano, kwa sababu mnaonana usoni na kesho mtakutana kisimani. Unachohitaji kubadilisha ni utaratibu mdogo mdogo: hesabu mikono, andika waliokataa, sainisha watu wakitoka.

Mwezi uliopita tulikuwa na mkutano mwingine, safari hii kuhusu michango ya mtaro. Yule mzee wa mfuko wa kodi alisimama kabla ajenda haijafunguliwa.

"Mtendaji, mwanangu, leo karatasi ya mahudhurio ikae mezani. Utusomee kwanza ulichoandika, ndipo tusaini."

Mtendaji akamtazama mwenyekiti, mwenyekiti akatazama saa. Akasoma. Alikuwa tayari ameandika "kwa kauli moja". Tukamwambia afute, aandike 41 kwa 17. Alifuta kwa kalamu nyekundu, akasaini pembeni, na ile karatasi ikazunguka kuanzia nyuma, kwa akina mama.